Mwamko wa Kiroho Upimwe kwa Kinachobaki

Mwaka 1902 William James, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mihadhara aliyoitoa Edinburgh kuhusu watu waliowahi kujiona wameunganishwa na jambo kubwa kuliko nafsi zao, tukio ambalo wengi huliita mwamko wa kiroho. Akataja alama nne za tukio la aina hiyo. Maneno hayatoshi kulieleza. Humwachia mtu yakini kwamba amejua jambo. Humjia bila yeye kuliongoza. Tena halikai: kwa makadirio ya James, ni nusu saa, ikizidi sana saa moja au mbili, kisha linafifia.

Alama hiyo ya mwisho ndiyo inayostahili kutusumbua. Kuna kozi, mafungo na programu za simu zinazouzwa kwa ahadi kwamba nusu saa ile inaweza kugeuka kuwa maisha. Sayansi imeitwa kutoa ushahidi, lakini sehemu kubwa ya ushahidi wake unahusu jambo jingine. Imepima sana yanayotokea wakati wa tukio. Imepima kidogo kinachobaki mwaka mmoja baadaye, na kidogo zaidi kama watu wanaoishi na mhusika wameona tofauti yoyote. Ninashikilia kwamba vipimo hivyo viwili vya mwisho ndivyo vyenye uzito, na utafiti usiokuwa navyo hauna haki ya kumwahidi mtu ustawi wa kudumu.

Tukubali kwanza kwamba tukio lenyewe lipo na linapimika. Dodoso linalotumika sana siku hizi lina maswali 30, kila moja likijibiwa kwa alama 0 hadi 5. Maswali yamegawanywa katika mafungu manne: hisia ya umoja na utakatifu, furaha na amani, kupotea kwa muda na mahali, na kushindwa kueleza. Tukio huhesabiwa kuwa kamili pale tu mtu anapofikisha angalau asilimia 60 katika kila fungu. Sharti hilo la kila fungu lina maana kubwa, kwa sababu furaha peke yake, iwe nzito namna gani, haivushi mtu mstari.

Ustawi nao una mizani yake. Ed Diener na wenzake walitoa mwaka 1985 maswali matano ya kuridhika na maisha, yanayojibiwa kwa alama 1 hadi 7, kwa hiyo jumla huanzia 5 hadi 35 na 20 ndiyo katikati. Carol Ryff, mwaka 1989, aliona kuridhika hakutoshi akapendekeza nyanja sita: kujiamulia, kumudu mazingira, kukua, mahusiano mazuri, kuwa na lengo maishani na kujikubali. Mtego uko hapa. Dodoso la tukio na dodoso la ustawi ni vitu viwili tofauti, na mtu anaweza kupata alama za juu kabisa katika la kwanza bila kusogea hata hatua moja katika la pili. Taarifa nyingi zinazosambaa huchukua matokeo ya la kwanza na kuyaandika kana kwamba ni ya la pili.

Jaribio lililojitahidi kuunganisha yote mawili ni la Roland Griffiths na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lililochapishwa mwaka 2006. Washiriki 36 ambao hawakuwahi kutumia dawa za kugeuza fahamu walipewa silosibini, kemikali iliyomo katika aina fulani za uyoga, kwa kipimo cha miligramu 30 kwa kila kilo 70 za uzito. Siku nyingine walipewa dawa ya kuchangamsha isiyo na athari hizo, ili pawe na cha kulinganisha. Mtu alilala kwenye kochi, macho yamefunikwa, muziki masikioni, wasimamizi pembeni, baada ya kuandaliwa kwa saa kadhaa za mazungumzo. Miezi 14 baadaye asilimia 58 walilitaja tukio lile kuwa miongoni mwa matano yenye maana kuliko yote maishani mwao, na asilimia 64 walisema ustawi wao umeongezeka.

Takwimu hizo ndizo zilizozunguka dunia. Kwangu mimi sehemu yenye thamani zaidi ni ndogo na haitajwi sana. Watafiti waliwauliza pia ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzao wa kila mshiriki kuhusu mwenendo wake, kabla na baada. Watu hao waliona mabadiliko mazuri, ila madogo. Mhusika anasema maisha yake yamegeuka, anayekaa naye anasema amebadilika kidogo. Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli, na tofauti iliyopo kati yake ndiyo jambo la kuchunguzwa.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Washiriki wote walikuwa tayari watu wa ibada au mazoezi ya kiroho, hivyo walikuwa na lugha ya kulipokea tukio na mahali pa kulipeleka. Upofu wa jaribio, yaani mtu kutojua amepewa dawa ipi, pia ni mgumu kuulinda, kwa kuwa mtu aliyemeza silosibini kwa kawaida hujua alichomeza. Na washiriki 11 kati ya 36 walipatwa na hofu kali au ya kupita kiasi wakati fulani wa kikao, wakiwa katika chumba salama na wataalamu kando yao. Anayejaribu peke yake nyumbani hana hata kimoja cha vitu hivyo, mbali ya kwamba kemikali hiyo imepigwa marufuku katika nchi nyingi.

Sasa ubongo, ambao umepewa nafasi kubwa kuliko stahili yake. Picha ya ubongo yenye rangi inamshawishi msomaji haraka kuliko jedwali la takwimu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na fani hii imesifiwa sana kwa picha zake.

Chukua utafiti wa Mario Beauregard uliofanyika Montreal na kuchapishwa mwaka 2006. Watawa 15 wa Wakarmeli waliingizwa mmoja mmoja katika mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya ubongo. Mashine hiyo ina kelele, mtu analala chali ndani ya tundu jembamba na haruhusiwi kutikisa kichwa. Watawa hawakuwa tayari kudai kwamba Mungu anaweza kuitwa kwa ratiba ya maabara, kwa hiyo waliombwa kufumba macho na kulikumbuka upya tukio zito kuliko yote waliyopata katika utawa wao. Kwa kulinganisha, waliombwa kukumbuka pia muungano wa kina na binadamu mwingine. Maeneo mengi ya ubongo yalishughulika, yakiwamo ya hisia, ya kuona na ya kuutambua mwili. Wazo la sehemu moja ya ubongo iliyotengwa kwa ajili ya Mungu halikupata tegemeo. Utafiti ule ni wa uangalifu, lakini ulipiga picha kumbukumbu ya tukio. Wanaoutaja kama picha ya muungano wenyewe wanasema jambo ambalo watawa wale walikataa kulisema.

Kofia ya sumaku ya Michael Persinger wa Kanada ilipata sifa zaidi, kwa madai kwamba mawimbi hafifu ya sumaku kichwani huzalisha hisia ya kuwapo kwa kiumbe kingine. Mwaka 2005 Pehr Granqvist na wenzake wa Sweden walirudia jaribio hilo huku mshiriki na msimamizi wote wakiwa hawajui kama sumaku imewashwa. Sumaku haikuleta tofauti. Kilichotabiri nani angehisi kitu ni urahisi wa mtu kushawishika.

Kuna pia mtandao wa maeneo ya ubongo ambao Marcus Raichle aliueleza mwaka 2001, unaofanya kazi zaidi mtu anapoachwa bila shughuli, akijiwazia mambo yake, yaliyopita na yajayo. Mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake walionyesha kwamba kwa wazoefu wa tafakuri, yaani zoezi la kukaa kimya na kutuliza usikivu, mtandao huo hutulia. Tangu hapo imekuwa kawaida kusikia kwamba kunyamaza kwake ni alama ya nafsi kuyeyuka. Lakini mtandao huohuo hutulia pia mtu anapofanya hesabu ngumu. Kutoka eneo la ubongo kurudi nyuma hadi hali ya roho ni hatua ambayo kipimo hakijairuhusu.

Utafiti wa Antoine Lutz na Richard Davidson wa mwaka 2004 unakaribia zaidi suala la kudumu. Watawa wanane wa Kibudha wenye saa kati ya 10,000 na 50,000 za mazoezi walionyesha mawimbi ya kasi ya umeme wa ubongo yenye nguvu na mpangilio kuliko wanafunzi kumi waliofundishwa kwa wiki moja. La kuvutia ni kwamba tofauti ilikuwapo hata kabla hawajaanza kutafakari siku ile, wakiwa wamekaa tu. Hiyo ni dalili ya tabia iliyokaa ndani, tofauti na hali ya kupita. Ila haitwambii kama mazoezi ndiyo yaliyoileta, au watu wa namna hiyo ndio wanaoweza kudumu utawani miaka mingi. Na msomaji apige hesabu kabla ya kununua kozi ya mwezi mmoja inayojipamba kwa utafiti huo: kwa dakika 45 kila siku bila kukosa, saa 10,000 zinahitaji miaka 36 na nusu.

Mwaka 2011 ulitoka utafiti ulioripoti kwamba wiki nane za mazoezi ya tafakuri huongeza msongamano wa tishu katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Waliofanya mazoezi walikuwa 16. Mwaka 2022 kundi la Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambako Davidson ndiye kinara, lilichapisha jaribio la watu zaidi ya 200 waliogawanywa kwa kura, likiwa na kozi ya kulinganishia. Halikuona badiliko hilo la umbo la ubongo. Ninawaheshimu sana kwa kuchapisha matokeo yanayopunguza umaarufu wa fani yao wenyewe. Hata hivyo, madai ya mwaka 2011 bado yanasomwa kwenye matangazo.

Makosa mengi hutokea katika hatua isiyovutia macho, yaani nani analinganishwa na nani. Watu hujiunga na kozi ya utulivu wanapokuwa chini kabisa. Anayepimwa siku yake mbaya kuliko zote ataonekana amepanda miezi miwili baadaye hata asipofanya lolote, kwa kuwa siku mbaya kupita kiasi haziendelei hivyohivyo. Ukimlinganisha na mtu aliyewekwa kwenye orodha ya kungoja, umeondoa kosa hilo lakini umeacha jingine. Mwenye kozi ana mwalimu mpole, wenzake wa kuongea nao na matumaini ya kupona, wakati anayengoja hana kitu. Ndiyo sababu watafiti wa Wisconsin walitunga kozi mbadala ya wiki nane yenye mwalimu, kikundi, mazoezi ya mwili, muziki na elimu ya lishe, bila tafakuri. Katika madodoso ya msongo na dhiki ya nafsi, makundi yote mawili yalipata nafuu inayofanana.

Uchambuzi wa Madhav Goyal na wenzake wa mwaka 2014 ulikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515, ukichukua tu yale yaliyokuwa na kundi la kulinganishia lenye shughuli. Kwa wasiwasi, ukubwa wa athari ulikuwa 0.38 baada ya wiki nane na 0.22 kati ya miezi mitatu na sita. Kwa lugha nyepesi: baada ya wiki nane, mtu wa katikati katika kundi la tafakuri alikuwa na nafuu kuliko asilimia 65 hivi ya kundi jingine, miezi michache baadaye, kuliko asilimia 59. Kama mazoezi yasingefanya lolote, tungeona 50. Kwa hiyo faida ipo, ni ya wastani, na inapungua baada ya darasa kufungwa. Tafakuri haikuonekana kushinda matibabu mengine kama dawa au mazoezi ya viungo. Hapo ndipo ukweli ulipo kwa sasa, na hauna aibu yoyote. Dawa nyingi zinazoheshimika zina athari ya kiasi hichohicho.

Ushahidi bora wa kitu kinachodumu, kwa maoni yangu, hautoki kwa waliosimulia mwanga mkuu. Unatoka kwa wagonjwa wa sonona. John Teasdale, Zindel Segal na Mark Williams walitunga programu ya wiki nane kwa watu waliowahi kuugua na kupona, ambao hofu yao ni ugonjwa kurudi. Darasa ni la saa mbili hivi kwa wiki, na nyumbani mtu hufanya mazoezi karibu kila siku. Huanza kwa kulala chali na kupeleka usikivu mwilini kipande kwa kipande, kuanzia vidole vya mguu, akigundua mawazo yamemchukua na kuyarudisha bila kujikaripia. Baadaye hufundishwa kulitazama wazo kama “sina thamani” likipita kama wazo, badala ya kulipokea kama taarifa. Kabla ya mwisho huandika dalili zake mwenyewe za mwanzo, mathalani kuacha kupokea simu au kuamka saa tisa usiku, na hatua atakazochukua zikionekana.

Katika jaribio lao la mwaka 2000, miongoni mwa watu waliougua mara tatu au zaidi, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 37, dhidi ya asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida pekee. Kwa waliougua mara mbili tu, programu haikusaidia. Mwaka 2016 Willem Kuyken na wenzake walikusanya majaribio tisa yenye wagonjwa 1,258 waliofuatiliwa hadi wiki 60: waliorudiwa ni asilimia 38 kwa waliopitia programu na asilimia 49 kwa wengine. Maana yake, katika kila watu tisa hivi wanaofundishwa, mmoja anaepushwa na ugonjwa ambao ungemrudia. Hapa swali lilikuwa la wazi, yaani ugonjwa umerudi au haujarudi. Walengwa walijulikana na muda ulipita mwaka mmoja. Ningependa kila anayedai kuleta mwamko wa kudumu apimwe kwa ukali huo.

Upande wa mafungo marefu upo mradi ulioongozwa na Clifford Saron huko Colorado mwaka 2007. Watu 60 waligawanywa kwa kura, nusu wakakaa mafungoni miezi mitatu wakitafakari takribani saa sita kwa siku, nusu wakangojea zamu yao. Walifuatiliwa kwa miaka saba. Uwezo wa kudumisha usikivu ulioongezeka mafungoni ulibaki kwa sehemu, na walioendelea na mazoezi mengi zaidi ndio ambao usikivu wao ulipungua kidogo zaidi kadiri umri ulivyosonga. Kilichopatikana kilishikiliwa na kazi ya kila siku.

Kinyume chake kilionekana Uingereza, ambako jaribio la wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari, lililotoa matokeo mwaka 2022, halikuona faida ya somo la utulivu kwa afya ya akili ya vijana. Wengi wao walifanya mazoezi kidogo sana nje ya darasa. Somo lilitolewa kwa wote, wanaolihitaji na wasiolihitaji, na kwa kipimo ambacho karibu hakuna aliyekitumia.

Ipo hoja nzito dhidi ya msimamo wangu. Mwaka 2018 Griffiths alichapisha jaribio la watu 75 waliopewa silosibini pamoja na programu ya tafakuri na ibada. Katika mabadiliko yaliyoonekana miezi sita baadaye, ukubwa wa tukio ulichangia zaidi kuliko kiasi cha mazoezi. Kwa hiyo siwezi kusema tukio halina kazi. Ila hata hapo tukio lilifungwa ndani ya utaratibu wa mazoezi, na kundi lililopata usaidizi mkubwa zaidi ndilo lililosonga mbele zaidi.

Anayetaka kujua kama njia yake inamjenga anaweza kuiga watafiti kwa karatasi na kalamu. Ajaze yale maswali matano ya kuridhika na maisha mara tatu ndani ya wiki mbili kabla ya kuanza na achukue wastani, maana jibu la siku moja hubeba hali ya hewa ya siku hiyo. Achague watu wawili wanaoishi au kufanya kazi naye, wajibu kuhusu mambo yanayoonekana: nimepandisha sauti mara ngapi wiki hii, je, nimesikiliza hadi mwisho, nimetimiza niliyoahidi? Arudie baada ya wiki nane, miezi sita na mwaka, na kamwe asijaze katika wiki ya kutoka mafungoni. Kila siku aandike dakika za mazoezi na saa za usingizi. Tofauti ya alama moja au mbili kati ya 35 ni mtikisiko wa kawaida. Kosa linaloharibu zoezi zima ni kutazama majibu ya zamani kabla ya kujaza mapya, kwa sababu mkono hupandisha alama wenyewe.

Usingizi unaandikwa kwa sababu nzito. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mahojiano na karibu watu 100, watafakari wa Kibudha na wataalamu, wakiainisha aina 59 za mambo magumu yanayoweza kujitokeza: hofu ya ghafla, majeraha ya zamani kufufuka, kukosa usingizi, kujiona si halisi. Baadhi ya hali hizo husimuliwa kwa maneno yaleyale ya mwamko. Kinachozitenganisha ni kama mtu anateseka, na kama bado anaweza kula, kulala, kufanya kazi na kutunza walio wake. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa kuona au kusikia yasiyokuwapo, au wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, aongee na daktari kabla ya mafungo ya siku nyingi. Na anayelala saa mbili au tatu usiku kadhaa mfululizo bila kuchoka, anayeacha kula, au anayeanza kuamini amepewa utume wa pekee, apunguze mazoezi mara moja, ale, alale na aonane na daktari. Mwalimu anayejibu dalili hizo kwa kumwambia aongeze saa za kukaa, aachwe siku hiyohiyo.